Tunafumua neno: mimi, mwanangu na disleksia

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, tarehe 17 mwezi wa tatu, mimi nilikuwa nashona barakoa. Ngamiani nzima, mtaa wetu huku Tanga, ilikuwa inataka barakoa, mafundi tulikosa hadi lastiki, kwa hiyo cherehani ilikuwa haipumziki, na mwanangu anakaa chini pembeni ya mguu wangu na kitabu chake cha Kiingereza cha darasa la pili. Namwambia soma kwa sauti nikusikie, na yeye anasoma, vizuri tu, bila kukwama, mpaka jirani akipita anasema mashaallah, mtoto wako kaiva. Siku moja bobini ikadondoka nikainama kuiokota, macho yakaenda kwenye kitabu. Alikuwa anasoma maneno ya ukurasa wa 12. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa ukurasa wa 9.

Sikusema kitu. Nikafungua ukurasa mwingine huko katikati, nikaweka kidole kwenye neno moja, nikamuuliza hili ni neno gani baba. Akaniangalia mimi. Sio kitabu, aliniangalia mimi usoni, anatafuta jibu kwenye mdomo wangu. Alafu mabega yakaanza kutikisika, analia bila sauti. Mtoto wa miaka saba alikuwa amebeba kitabu kizima kichwani, alikuwa anawasikiliza wenzake darasani wakisoma anakishika chote, ili mtu yeyote asijue kwamba yeye hasomi.

Humu nitamwita Babu, ndo tunavyomwita nyumbani kwa sababu karithi jina la babu yake, baba yangu mimi. Sasa hivi yuko darasa la tano, ana miaka 12, na kabla ya kuandika haya nimemuomba ruhusa. Kasema andika mama, ila jina langu la shule usiliweke.

Shule aliyokuwa anasoma wakati ule ilikuwa ingilishi midiamu, ya kulipia, ada milioni moja na laki mbili kwa mwaka ukiacha basi na chakula. Baba yake ni dereva wa daladala, mimi fundi cherehani, kwa hiyo mtaelewa tulivyokuwa tunajinyima. Na ripoti zilikuwa zinakuja kila muhula zimeandikwa vile vile: hajitumi, anaongea sana, mzazi afuatilie. Na sisi tulifuatilia kwa namna tuliyoijua. Tuliongeza tuisheni. Tukamnyima katuni. Na nilimpiga, naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilimpiga kwa sababu ya neno "said" ambalo nilimfundisha Jumatatu akalijua na Jumanne akawa kama hajawahi kuliona tangu azaliwe. Nilidhani ananifanyia makusudi. Hakuna kitu kinachoniumiza mpaka leo kama hicho.

Shule zilivyofunguliwa tarehe 29 mwezi wa sita, tukaanza kuzunguka. Kwanza macho. Hospitali wakampima wakasema mazima kabisa. Masikio mazima. Bibi yake mzaa baba akaleta kombe, yale maji yaliyooshewa aya, akanywa siku saba, na sina neno baya juu ya hilo maana dua ni dua na yule mama alifanya kwa mapenzi ya mjukuu wake, ila herufi zilibaki vile vile. Kuna mtu akaniuzia virutubisho vya kuongeza akili, elfu themanini na tano, hivyo ndo nina neno navyo, kwa sababu mtoto wangu hakuwa amepungukiwa akili. Nikitaka nimtume dukani vitu sita bila kuandika analeta vyote sita na chenji kamili.

Mtu wa kwanza kuniambia kitu cha maana alikuwa ustadhi wake wa madrasa. Nilienda kuulizia huko nako vipi, nikijua ataniambia yale yale. Akasema mama, huyu mtoto ananishangaza. Ukimsomea sura anaihifadhi kabla ya wenzake, juzuu amma kaenda nayo mbali, na matamshi yake mazuri. Lakini nikimwekea kijiti kwenye msahafu nikamwambia hii herufi gani, hajui. Be, te, the zote kwake ni moja. Alafu akasema maneno ambayo nayakumbuka kama alivyoyasema: huyu mlango wa sikio uko wazi, mlango wa maandishi ndo umekwama, sasa kwanini tumpige wakati mlango mmoja uko wazi.

Nilivyokuja kusoma baadaye kwenye simu usiku, nikakuta kuna daktari mmoja Uingereza, Pringle Morgan, mwaka 1896 aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana mwerevu, anacheza vizuri, hesabu anaweza, ila kusoma hawezi, hata jina lake alikuwa analiandika Precy. Na mwalimu wake aliyemfundisha miaka kadhaa alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu basi huyu angekuwa wa kwanza shuleni. Nililia nilivyosoma hapo. Ustadhi wa Ngamiani na mwalimu wa Uingereza zaidi ya miaka mia moja nyuma wanaongea kitu kimoja. Jina lenyewe la disleksia, yani hii shida ya kusoma na kuandika kwa mtu mwenye akili zake timamu, lilitungwa na daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin, miaka ya 1880, kwa hiyo na mimi sikuwa mjinga kukimbilia macho, hata wao walianzia huko. Siku hizi inajulikana kwamba kwa wengi macho sio shida yenyewe. Shida iko kwenye ubongo unavyounganisha sauti na alama. Wewe na mimi tukiona "m" sauti inakuja yenyewe hata hatuiiti. Kwa mtoto mwenye disleksia inabidi aiite, kila mara, na kuiita huko kunachosha.

Aliyenifungulia hasa ni mteja wangu, mwalimu wa elimu maalum aliyesomea chuo cha Patandi kule Arusha. Alileta kitambaa cha gauni akamkuta Babu anahangaika na homuweki. Akamwambia njoo tucheze. Akamuuliza, kwenye neno "kitabu" ukitoa "ki" inabaki nini? Babu akafikiria weee, alafu akajibu: "daftari".

Mimi nilicheka, yule mwalimu hakucheka. Akamuuliza tena, "kalamu" ukitoa "ka"? Kimya. Neno gani linaanza kama "samaki"? Akasema "dagaa". Yani mtoto alikuwa anaenda kwenye maana moja kwa moja, na maana anazo nyingi tu, lakini neno lenyewe kama kitu kilichoundwa kwa vipande vya sauti hakuwa analisikia. Kwake kitabu ni kitabu, kizima, hakina ki wala ta wala bu. Sasa kama husikii kwamba neno lina vipande, utaelewaje kwamba kila kipande kina alama yake? Mwalimu akaniambia mama, huyu sio mvivu na sio mzito, ana dalili zote za disleksia, mimi sio wa kukuandikia cheti ila nenda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri, na wewe anza leo, usisubiri karatasi. Akaniuliza kwenye ukoo kuna mwingine? Maana hii kitu inatembea kwenye damu.

Nikamjibu hapana. Alivyoondoka nikabaki nimeshika kitambaa chake mkononi, nikamkumbuka kaka yangu.

Kaka yangu tulisoma naye shule moja miaka ya tisini. Alikuwa anaitwa kilaza na walimu mbele yetu, anachapwa kila siku ya Mungu, darasa la nne akaacha akaenda ufukweni kwa wavuvi. Leo ana boti mbili. Ukimtumia meseji hakujibu, anapiga, au anatuma voisi, na sisi wote tulizoea kusema huyu jamaa ana dharau, hajibu meseji za watu. Miaka yote hiyo. Nilimpigia usiku ule nikamuuliza kaka, herufi zilikuwa zinakufanyaje? Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema mdogo wangu, zilikuwa hazikai.

Basi tukaamua kumhamisha. Watu walitushangaa, maana wengine wanatoa watoto kayumba, yani shule za serikali, kupeleka ingilishi midiamu, sisi tunarudisha, na Januari 2021 Babu akaanza upya darasa la kwanza akiwa na miaka minane, darasa lina watoto 94. Shemeji yangu mmoja aliniambia umemuua mtoto. Hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu wazazi wengi wananiuliza hili kuliko lote.

Kiswahili kinaandikwa kinavyosikika. Irabu tano, a e i o u, kila moja sauti yake, leo na kesho na mwaka ujao. Ukijua "ma" umelijua popote litakapotokea. Kiingereza hakiko hivyo. "One" hakuna w lakini unaisikia, "knife" kuna k lakini huisikii, na a ya "cat" sio a ya "cake" wala ya "ball". Mtoto asiye na shida anaruka hayo mashimo bila kujua. Mtoto ambaye kila herufi anaibeba kwa mkono, ukimpa lugha ambayo herufi inabadilisha sauti kila kona, tena lugha ambayo nyumbani hatuiongei, unamtwisha mizigo miwili kwa wakati mmoja. Sisemi disleksia inaondoka ukihamia Kiswahili. Haiondoki, na haiponi, hata ukubwani ipo. Ila kwenye lugha zinazoandikwa kama zinavyosikika mtoto anafika mahali anasoma sawa sawa, shida inayobaki ni kasi, anasoma polepole sana, na kuandika anakosea. Polepole naiweza. Kutosoma kabisa siiwezi.

Na kuna kitu kingine kilitubeba. Tangu mtaala wa 2015 darasa la kwanza na la pili wanakazania KKK, kusoma kuandika kuhesabu, na wanafundishwa sauti ya herufi, sio jina lake. Yani sio "em", ni "mmmm". Kwa mtoto kama Babu hiyo ni tofauti ya usiku na mchana.

Lakini watoto 94. Mwalimu hata awe malaika hawezi kukaa na mmoja. Kazi ikabaki nyumbani, kwenye cherehani.

Yule mwalimu wa Patandi alinieleza kwamba Marekani huko kuna daktari alikuwa anaitwa Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, tangu miaka ya 1930 walikuwa wanafundisha watoto hawa kwa kuona, kusikia na kugusa kwa wakati mmoja, herufi anaiona anaitamka na kidole kinapita juu yake. Wengine wanatumia mchanga, wengine msasa. Mimi nina vitambaa. Nikakata herufi zote kubwa kama kiganja nikazigandisha kwenye boksi. Na hapo nikafikiria b na d, kwa sababu hizo ndo zilikuwa zinatumaliza. Kwa macho ni kitu kile kile kimegeuzwa, na Kiswahili chetu kimeweka "baba" na "dada" hapo hapo mlangoni. Nikakata b kwa kitambaa cha suruali ya jinsi, ngumu, d kwa mahameli, laini. B ya jinsi, baba anavaa jinsi. D ya mahameli, dada anavaa mahameli. Akifumba macho nikamwekea kidole juu anajua. Ilichukua karibu miezi mitatu, kila siku dakika kumi na tano baada ya chai ya jioni, sio zaidi, nilijifunza kwa machozi kwamba ukizidisha unapoteza na zile za mwanzo.

Haikuisha moja kwa moja. Darasa la pili aliandika kwenye daftari "Dada yangu ni dereva wa daladala" na mwalimu wa zamu akalisoma mbele ya darasa, wakacheka, kwa sababu wanajua hana dada. Alirudi nyumbani akaniambia mama mi shule siendi tena. Nikamwambia sawa, leo hatuendi, njoo tupige pasi. Tulipiga pasi mashati mpaka jioni bila kuongea habari za shule. Kesho yake akaamka mwenyewe akavaa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sijakiona kimeandikwa mahali na ndo hasa kilichonifanya nikae niandike.

Silabi alizishika. Ba be bi bo bu, sawa. Maneno mafupi, mama, kuku, meza, sawa. Darasa la tatu ghafla vitabu vikabadilika, maneno yakawa marefu, "walipotutembelea", "hawajatuandikia", "anayenisubiri". Babu anaanza wa, li, po, tu, te... akifika mwisho mwanzo umeshapotea. Silabi zote kazisoma sahihi lakini neno hana. Hapo ndo nikaona wengi wanaachwa, mwalimu anasikia silabi sahihi anadhani mtoto anasoma.

Siku hiyo nilikuwa nafumua gauni la mteja lililoharibiwa kwingine. Babu kakaa ananiangalia ninavyopita na wembe kwenye mshono, mkono unatoka, kola inatoka, kiuno kinatoka, gauni linarudi kuwa vipande. Nikamwambia unajua maneno nayo yameshonwa? Nikachukua chaki ya fundi nikaandika kwenye meza ya kukatia "walipotutembelea", nikachora mistari: wa / li / po / tu / tembelea. Nikamwambia huu hapa "wa" ni wao. "Li" ilishapita. "Po" ni wakati ule. "Tu" ni sisi. Na hii tembelea ndo kitambaa chenyewe, hizo nyingine ni vipande tumeunga. Akaangalia. Akasema kwa hiyo nikibadilisha wa nikaweka u inakuwa wewe? Ulipotutembelea. Ndio baba. Na nikitoa tu nikaweka ni? Ulipo-ni-tembelea. Alikaa kwenye ile meza saa nzima anaunga na kufumua, sijawahi kumuona mtoto yule anakaa na maandishi saa nzima kwa hiari yake.

Mnaona kilichotokea? Huyu ni mtoto ambaye sauti peke yake haimshikii, lakini maana inamshika. Alijibu "daftari", alijibu "dagaa", maana ndo nyumbani kwake. Silabi haina maana, "li" kama silabi ni kelele tu. Lakini "li" kama kipande kinachosema jambo limeshapita, hicho anakikamata, na vipande vyenyewe sio vingi. Ni, u, a, tu, m, wa. Na, li, ta, me, ja, ki, nge. Ukikaa ukavihesabu vile vinavyorudi rudi kila ukurasa havizidi thelathini hivi. Nikavishona. Vya mtu nimetumia kitenge cha bluu, vya wakati chekundu, vya anayefanyiwa cha njano, na mzizi wa kitendo kanga nyeupe. Tunapanga mezani. Neno likiwa refu linamtisha, anajiuliza kwanza mshono uko wapi. Mpaka leo akikutana na neno refu gazetini utaona kidole kinapita juu yake kinatafuta mshono, alafu ndo anasoma.

Shuleni haikuwa rahisi na sitaki kudanganya mtu. Nilienda kwa mwalimu wa darasa mara nyingi mpaka mlinzi ananijua. Niliomba vitu vinne tu. Asisimamishwe kusoma mbele ya darasa bila kuambiwa jana yake kipande gani atasoma, ili tukiandae nyumbani. Akae dawati la mbele. Kwenye Sayansi akikosea tahajia lakini jibu analo, apewe alama ya jibu. Na mtihani wa darasani ukiisha aongezewe dakika kumi. Mwalimu aliniambia mama nina watoto 94, nikamwambia najua mwalimu, pole na kazi, ndo maana naomba vinne sio kumi. Alivikubali vitatu, cha Sayansi kikachukua mwaka mzima. Kwenye hesabu pia kulikuwa na kitu, mtoto kujumlisha anajumlisha lakini maswali ya mafumbo anapata sifuri kwa sababu hasomi swali likaisha. Nilimuomba mwalimu amsomee swali moja tu kwa mdomo aone. Akamsomea, Babu akajibu pale pale bila kuandika. Kuanzia siku ile yule mwalimu akawa wetu.

Kuna mwingine alikuwa anachapa kwa imla, kosa moja fimbo moja. Babu alikuwa anapata makosa nane kwenye kumi. Nikarudi kusoma kanuni za viboko za 2002, zinasema wazi kwamba ni adhabu ya utovu mkubwa wa nidhamu, na haziruhusu zaidi ya fimbo nne kwa mara moja. Kukosea kuandika "ng'ombe" sio utovu wa nidhamu. Nilienda kwa mwalimu mkuu, nimevaa vizuri, nikamsalimia shikamoo, nikamuwekea karatasi mezani, nikamwambia mwalimu sijaja kugombana, nimekuja na mtoto ambaye akichapwa kwa imla anasahau na zile mbili alizokuwa anajua. Fimbo za imla zikaisha kwa darasa lile, kwa watoto wote. Sasa Babu anapewa maneno matano badala ya kumi, yote ya familia moja. Wiki ya "nya" ni nya tu, wiki ya "mbw" ni mbw tu. Wazazi wenzangu, nendeni shuleni. Nendeni kwa adabu lakini nendeni, tena na tena, mwalimu mmoja akielewa ni mwaka mzima wa mtoto umeokoka.

Oktoba 2024 alifanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Sikulala usiku ule. Alipata C. Kuna watu walinipa pole, C ndo nini. Mimi nilienda kununua kuku. Kaka yangu akaja na changu wawili wakubwa kutoka ufukweni, akamshika Babu kichwani, akasema umepita nilipobaki mimi.

Bado anaandika makosa. Bado anasoma polepole, ukurasa mmoja wenzake wanamaliza yeye yuko aya ya pili. Usiku namsomea vitabu vya shule kwa sauti, au namrekodia kwenye simu anasikiliza huku anakula, maana maarifa hayawezi kusubiri kasi ya macho yake. Kuna siku anachoka kabisa ananiambia mama kwanini mimi. Namwambia sijui baba. Sina jibu lingine.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni sekondari, kwa sababu huko karibu kila somo linageuka Kiingereza, Baiolojia Kiingereza, Jiografia Kiingereza, na ile lugha tuliyoikimbia mwaka 2020 itakuwa imemsubiri mlangoni. Kwa hiyo mwaka huu tumeanza mapema, taratibu, maneno matatu kwa wiki. Safari hii tunaenda tofauti. Kwanza anakijua Kiingereza cha mdomo, anaongea, alafu ndo maandishi. Nimerudi kukata vitambaa. Zile herufi mbili zinazotoa sauti moja, "sh", "ch", "th", nimezikata kwenye kipande kimoja bila kuzitenganisha. Na zile herufi ambazo zipo lakini hazisikiki nimezikatia kaniki, nyeusi, maana zimenyamaza. K ya "knife" kaniki. W ya "write" kaniki.

Jana katoka shule kaweka begi chini, hata maji hajanywa, kaja moja kwa moja kwenye boksi la vitambaa anachambua. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema leo tumepewa "night", mama, hii inataka kaniki mbili.